Treni zapita kila siku, daftari anaweka nani?

Tangu Mei 31, 2017, siku Rais Uhuru Kenyatta alipozindua safari ya kwanza ya Madaraka Express kutoka Mombasa kwenda Nairobi, sisi watu wa Pwani tumeizungumza reli hii kwa kila upande. Tumezungumza deni la China. Tumezungumza makontena, malori yaliyoegeshwa na vijana waliobaki bila kazi Changamwe na Mariakani. Tumelalamikia nauli ya kutoka mjini hadi Miritini. Lakini kuna swali moja sijalisikia barazani wala redioni: treni hizi zinazopita kila siku, nani kati yetu anaziandika?

Nasema kuandika kwa maana pana. Kupiga picha, kunukuu namba ya injini, kuhesabu mabehewa, kuweka tarehe na mahali. Uingereza, Japani na India wako watu wengi wanaofanya hivyo kwa mapenzi tu. Hawalipwi na mtu. Kwetu sisi, ukimwona mtu mzima amesimama kando ya reli na kamera, utasema ama hana kazi ama ana lake jambo. Mimi naona anafanya kazi ya maana, na kwamba Pwani tunaihitaji kazi hiyo kuliko hao wenzetu. Naomba msomaji wangu anisikilize hadi mwisho kisha aamue.

Mchezo wa namba

Mapenzi ya treni ni ya zamani kama treni zenyewe, lakini aliyeyapa umbo ni kijana mmoja wa Uingereza aliyeitwa Ian Allan. Alikuwa karani katika kampuni ya reli ya Southern Railway wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Ofisi yake ilikuwa ikipokea barua nyingi za watu wakiuliza habari za injini: ipi ina namba gani, ipi ina jina gani. Aliwashauri wakubwa wake wachape orodha. Wakakataa. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, akaichapa mwenyewe, kijitabu kidogo chenye namba za injini zote za kampuni hiyo. Kiliuzwa kikaisha. Akatoa cha kampuni nyingine, na nyingine. Miaka michache baadaye watoto wa Uingereza walikuwa wakijaa stesheni na penseli mkononi, wakipiga mstari chini ya kila namba waliyoiona kwa macho yao.

Mchezo wenyewe ni huo. Una orodha, unasimama mahali, unangoja. Ikipita injini ambayo hujawahi kuiona, unafurahi. Wengine wakaongeza kamera, wengine mashine za kunasa sauti. Mmarekani O. Winston Link alitumia miaka mitano, kuanzia 1955, kupiga picha za usiku za treni za mwisho za mvuke katika reli ya Norfolk and Western. Alipanga taa nyingi gizani ili anase moshi, magurudumu na watu waliokuwa wakiishi kando ya njia. Mvuke ukaisha, picha zikabaki. Leo anayetaka kujua miji midogo ya Virginia ilikuwaje enzi hizo, ataziangalia picha za mtu ambaye kazi yake halisi ilikuwa ya matangazo ya biashara.

Katika habari hii, waliokataa kuchapa orodha walikuwa wenye reli wenyewe. Aliyeichapa ni karani kwa pesa zake, na waliokitunza kijitabu chake ni watoto. Mara nyingi hivyo ndivyo kumbukumbu za reli zinavyopona: shirika huhesabu faida na hasara, na injini ikizeeka huuzwa kama chuma kuukuu. Anayekumbuka namba yake ni mtu wa pembeni.

Picha za zamani alizipiga nani?

Turudi nyumbani. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Reli ya Pwani ni mfano wa methali hiyo, kwani daftari lilikuwapo ila halikuwa letu.

Wangapi katika vijana wetu wa leo wanajua kwamba Mombasa ilikuwa na reli ya barabarani? Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilianza kutandika reli nyembamba kisiwani, ikakusudia ifike bara. Ilikufa baada ya maili chache. Lakini vyuma vyake vilipata kazi nyingine: vilitumika kwa toroli zilizopita katika mitaa ya mji, kutoka upande wa Mji wa Kale kuelekea Kilindini. Toroli hizo hazikuwa na injini. Abiria aliketi juu ya kiti chini ya kivuli cha turubai, na nyuma yake watu walisukuma. Zilidumu hadi magari yalipozifukuza. Tunayajua haya kwa sababu wapiga picha wa wakati ule waliyageuza kadi za posta, na Wazungu wakazituma kwao. Leo ukitaka kuiona Ndia Kuu yenye reli, huna budi kutafuta kadi iliyosafiri hadi Ulaya.

Itazame kadi moja kwa makini. Aliyeketi amevaa kofia ya jua na suti nyeupe. Wanaosukuma ni babu zetu. Kadi inasema "Mombasa" na jina la mtaa, pengine na jina la duka lililoiuza. Wasukumaji hawana majina.

Ikaja reli kubwa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Mpiga picha William D. Young aliifuata kazi hiyo na picha zake ndizo zinazojaza vitabu vya historia hadi leo. Zinaonyesha madaraja ya mbao, mahema, na wafanyakazi kwa mamia wakibeba mataruma. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi ile, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Wapagazi wa Kiswahili na watu wa bara waliofyeka njia na kubeba maji hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Tunamjua Luteni Kanali Patterson aliyewaua simba wawili wa Tsavo mwaka 1898, kwa kuwa aliandika kitabu na kukitia picha. Wale walioliwa na simba wengi wao hatuwajui.

Sisemi Young alikosea kupiga picha. Laiti asingepiga tungekuwa maskini zaidi. Ninachosema ni kwamba mwenye kamera ndiye huchagua nani awe mtu na nani awe kivuli nyuma ya toroli.

Chukua habari ya injini za Garratt. Katika miaka ya 1955 na 1956 shirika la reli la Afrika Mashariki lilipokea injini 34 za daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Hizi zilikuwa miongoni mwa injini za mvuke zenye nguvu zaidi zilizowahi kupita kwenye reli ya mita popote duniani, na kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umekwisha, na Garratt zikakatwakatwa. Katika 34 zimebaki mbili, nazo ziko katika Makumbusho ya Reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena, milima yote miwili ya Tanzania. Hapa Mombasa, mji zilikoanzia safari, haikubaki hata moja.

Waliozipiga picha wakati zingali zikipanda Mazeras ni nani? Wengi wao walikuwa wapenzi wa treni kutoka Ulaya, waliosafiri maelfu ya maili kwa ajili hiyo, pamoja na Wazungu wachache waliokuwa wakiishi hapa. Kitabu cha Kevin Patience, Steam in East Africa, kilichotoka mwaka 1976, ni tunda la mapenzi kama hayo. Niliwahi kuzungumza na mzee mmoja wa Changamwe aliyekuwa fundi wa reli zama hizo.

"Mzee, una picha yoyote ya kazini?" nilimwuliza.

"Mwanangu, kamera tungeitoa wapi?" alinijibu. "Wazungu walikuwa wakija na zao, wakisimama kando ya njia, wakitupiga, wakienda zao. Pengine mimi nimo kitabuni huko Ulaya na sina habari."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikuweza kucheka.

Sasa kamera tunazo, ruhusa je?

Leo hoja ya mzee yule haipo tena. Kijana wa Kisauni, wa Mazeras au wa Voi ana simu yenye kamera nzuri kuliko aliyokuwa nayo Young. Na kwa kweli wameanza. Ukienda sehemu za Mazeras na Mariakani ambapo SGR inapita juu kwa madaraja, utawakuta jioni vijana wawili watatu wanangoja treni. Wanajua injini za abiria ni za aina ya DF11 na za mizigo ni DF8B, zote za dizeli na zote za China. Wanajua saa. Wanajua mlio wa honi. Hakuna aliyewafundisha.

Tatizo ni kinachowakuta. Mwaka jana mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alisimama nje ya ua wa stesheni moja, upande wa barabara ya umma, akipiga picha treni ikiondoka. Soja alimjia, akamnyang'anya simu, akafuta picha zote za siku ile. Pamoja na za treni zilikwenda picha za arusi ya dada yake. Kijana alinipigia simu akitetemeka. "Mjomba, wanasema nitapelekwa kwa ATPU," alisema. Nilipofika nikauliza ni sheria gani iliyovunjwa. Nikajibiwa ni oda kutoka juu. Nikauliza oda imeandikwa wapi, hapakuwa na jibu. Wakamwachilia kwa kuwa nimefika mtu mzima, mwenye nywele nyeupe mbili tatu na maneno mengi.

Sitaji stesheni wala kampuni ya ulinzi, kwani jambo lenyewe si la soja mmoja. Soja yule analipwa kidogo, na hakuna aliyemkalisha chini akamweleza mpaka uko wapi. Ameambiwa awe macho, naye ametii.

Nina swali kwa wakubwa wake. Siku zote stesheni zetu zimejaa abiria wanaojipiga selfi mbele ya treni, na hakuna anayewasumbua. Watalii hupiga picha dirishani kuanzia Miritini hadi Tsavo. Basi kinachomfanya mmoja kuwa mtalii na mwengine kuwa mshukiwa ni nini? Kwa tajriba yangu ni kanzu, kofia, ndevu na lafudhi. Kijana wa Kiislamu wa Pwani akipiga picha daraja, akili ya mlinzi haiendi kwenye mapenzi ya treni. Inakwenda kwengine. Na sisi tunajua huko kwengine ni wapi. Mashirika ya haki kama MUHURI na Haki Africa yamekuwa yakilalamika kwa miaka kuhusu vijana wa Pwani wanaochukuliwa na kutoonekana tena. Kwa hivyo mama akimwambia mwanawe, "Achana na hizo picha, utanitia msibani," hana kosa. Anazijua gharama.

Hofu ya usalama ni ya kweli pia. Nchi yetu imeumizwa na magaidi, na Pwani imeumia zaidi. Reli huibiwa vyuma na nyaya. Serikali ina haki ya kulinda, na sisi tunaopanda treni hizo ndio wa kwanza kutaka zilindwe. Lakini anayetaka kudhuru reli hahitaji kusimama barabarani na simu mchana kweupe. Njia nzima ya kilomita 472 inaonekana kwenye ramani za satelaiti, na picha za stesheni ziko katika matangazo ya serikali yenyewe. Kumfutia mtoto picha hakumzuii mhalifu. Kunamfundisha mtoto kwamba mali ya umma si yake.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 24 kinasema haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, tena kwa kiasi kinachofaa katika jamii huru. Oda kutoka juu isiyoandikwa popote haiwezi kuitwa sheria.

Hii haina maana kwamba ruhusa haina mwisho. Kuingia kwenye njia ya reli bila idhini ni kosa, na ni upumbavu, kwani treni haina uwezo wa kusimama ghafla. Bandari na kambi za jeshi zina masharti yake. Ndani ya stesheni mwenye stesheni anaweza kuweka kanuni. Na mtu aliyeketi na familia yake ana haki ya faragha chini ya kifungu cha 31, basi usimpige picha mke wa mtu ukasema ulikuwa ukipiga behewa. Lakini aliyesimama barabarani, akipiga picha treni ya umma iliyonunuliwa kwa mkopo anaoulipa yeye mwenyewe, sioni kosa lake.

Wasiojua mchezo huu wanaweza kukosea vibaya, hata Ulaya. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa Kalamata, Ugiriki, karibu na kituo cha jeshi la anga. Hao walikuwa wapenzi wa ndege, ndugu wa wapenzi wa treni, nao walikuwa wakinukuu namba. Walishtakiwa. Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani wote; wanane walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Ilipofika Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa iliwaachilia. Majaji wa kwanza walishindwa kuamini kwamba mtu mzima anaweza kuandika namba za ndege kwa raha yake tu. Hawa walikuwa na serikali zao, mawakili na magazeti nyuma yao. Kijana wa Mazeras ana mjomba.

Kwa upande mwengine, Uingereza kwenyewe, wasimamizi wa reli wa Network Rail wameandika mwongozo kwa wapenzi wa treni. Unasema karibu stesheni, piga picha kwa matumizi yako, usitumie mwanga wa flashi kwani humpofusha dereva, kaa nyuma ya mstari wa manjano, na ukiona jambo la kutia shaka tujulishe. Tazama hilo la mwisho. Wao wamewafanya wapenzi wa treni kuwa macho yao. Mtu anayekuja stesheni ileile kila wiki ndiye atakayejua kifurushi gani hakikuwapo jana.

Faida iliyo zaidi ya picha nzuri

Nilisema Pwani tunaihitaji kazi hii kuliko wengine. Sababu yangu ni hii.

Mwaka 2019 serikali ilitoa amri kwamba mizigo ya kutoka bandarini isafirishwe kwa SGR. Mombasa iliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Jambo likafika kortini, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua amri ile ilikuwa kinyume cha Katiba. Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Rais William Ruto akatangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Katika mabishano yote yale, takwimu tulizokuwa tukirushiana zilikuwa za serikali, za bandari na za wenye malori. Kila mmoja alikuwa na yake na kila mmoja alikuwa na maslahi yake. Sikuona hata daftari moja la mkazi aliyesimama Mazeras akahesabu: leo zimepita treni ngapi za mizigo, ya kwanza saa ngapi, ya mwisho saa ngapi, mabehewa mangapi yamejaa na mangapi yanarudi matupu.

Hesabu hiyo haihitaji digrii. Mimi mwenyewe nina diploma tu na ningeiweza. Vijana wanne wakipokezana mwezi mmoja, kwa daftari la shilingi hamsini na simu, watakuwa na jambo ambalo waziri hawezi kulipuuza kirahisi. Kila injini ina namba yake ubavuni. Mwenye kuzinukuu mwaka mzima atajua zipi zinafanya kazi na zipi hazijaonekana miezi sita. Watoto wa Ian Allan walikuwa wakijua injini imekufa kabla kampuni haijatangaza.

Na mambo yanabadilika sasa hivi. Treni ya abiria ya reli ya zamani, ile iliyoondoka mjini jioni na kukufikisha Nairobi asubuhi, imekoma tangu 2017. Pale Makupa palipokuwa na tuta pana daraja sasa. Wangapi tuliipanda ile ya zamani, tukalala tukisikia magurudumu, tukaamka kwenye baridi ya Athi River? Wengi. Wangapi tuna picha ya behewa tulilolala, namba yake, jina la mhudumu aliyekuja na kengele ya chakula? Jibu kila mtu anajua nyumbani kwake.

Wapinzani wana neno

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa vijana hawana ajira, nami nawapa mchezo wa Wazungu. Nakubali kupiga picha treni hakuleti unga mezani. Lakini vijana hao wameshakaa maskani saa nyingi kwa siku, na njia nyingi walizofunguliwa hapo ni za miraa na unga wa aina nyengine. Kazi ya kungoja, kuangalia na kuandika inafundisha subira na uangalifu. Fundi, mwandishi wa habari, mpimaji na askari mpelelezi wote wanakula kwa uangalifu.

Nitaambiwa pia ni hatari, na hilo ni kweli. Japani, ambako wapiga picha za treni wana jina lao, toritetsu, wamekuwapo walioingia relini kutafuta picha nzuri na kusimamisha treni zenye abiria. Uingereza nayo ilipitia hayo. Mwaka 1944 watoto walikamatwa kwa kuingia njia ya reli katika mji wa Tamworth. Ian Allan hakungoja serikali ipige marufuku. Alianzisha chama cha watoto hao na kila mwanachama akaahidi kutoingia relini wala kuingilia kazi ya reli. Anayevunja ahadi hutolewa. Makosa ya wachache yakajibiwa kwa nidhamu ya wengi.

Basi nina mapendekezo matatu, na yote ni ya bei rahisi.

Shirika la Reli la Kenya litoe kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili, zibandikwe kila stesheni: wapi picha zinaruhusiwa, wapi haziruhusiwi, na kwa sheria gani. Kila soja apewe nakala na aelezwe kwamba hana mamlaka ya kufuta picha za mtu. Akishuku, aite polisi, na polisi afuate sheria.

Vijana wajiunge. Wawe na chama chenye majina, wakubwa wawili watatu wa kuwasemea, na sharti moja lisilovunjwa: hakuna kukanyaga reli. Mtu mmoja na kamera ni mshukiwa. Kumi wenye vitambulisho na barua kwa OCS ni chama.

Serikali za kaunti na makumbusho yetu wafungue mahali hapa Mombasa, hata chumba kimoja, pa kuweka picha na daftari hizi. Makumbusho ya Nairobi ni mazuri, lakini reli ilianzia hapa.

Kwa anayeanza leo, shikilia mambo matano kwa kila picha: tarehe, saa, mahali, namba ya injini, na treni ilikuwa ikielekea wapi. Picha bila hayo ni pambo la ukuta. Weka nakala mahali pawili, kwa sababu simu huibiwa na simu huanguka baharini. Na ukiweza, baada ya kumpiga picha fundi au mwuza mahamri wa stesheni, muombe ruhusa na jina lake, uliandike.

Mwisho nina ombi kwa wasomaji watu wazima. Katika nyumba nyingi za Pwani limo kopo la biskuti lenye picha za zamani. Kama babu au baba yako alifanya kazi reli, iwe Mombasa, Voi au Taveta, lifungue wiki hii ukiwa na yule bibi au ami anayewajua waliomo. Andika majina nyuma ya kila picha, kwa kalamu ya risasi isije ikapenya wino. Wenye kukumbuka wanatutoka mmoja mmoja, na hakuna Mzungu atakayekuja kuyaandika majina hayo kwa niaba yetu.